Spika ya Bi Tatu

Jina lake nililiona likipita chini ya kioo cha televisheni, kwenye ule mstari wa maandishi yanayokimbia, kati ya tangazo la mbegu za alizeti na taarifa ya kukatika kwa maji. Ni televisheni yetu ndogo ya hapa Karatu, ile inayosambazwa kwa waya, ambayo vijana wanaiendesha kutoka chumba kimoja nyuma ya stendi. Bi Tatu amefariki dunia. Maziko ni kesho baada ya sala ya adhuhuri. Mstari ulipita, ukarudi, ukapita tena. Nilikuwa nachambua maharage. Niliweka ungo chini nikabaki nimekaa, mikono juu ya magoti, na harufu ya vitunguu ambavyo binti yangu alikuwa anakaanga jikoni ikanijia kwa nguvu mpaka nikatoka nje kuvuta hewa.

Wale vijana ni wema, sina lawama nao. Wanatutangazia misiba yetu, mikutano yetu, mbuzi wetu waliopotea. Lakini nadhani hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba mama huyo waliyempitisha chini ya kioo ndiye aliyeianza kazi wanayoifanya, hapa hapa mjini, kabla wao hawajazaliwa na kabla sisi hatujajua televisheni ni mnyama gani. Ninyi wa rika langu mnamkumbuka. Ila kuna jambo moja juu yake ambalo wengi wenu mlilisikia kutoka mbali tu, nami nililiona kwa karibu.

Siku hizo redio zilikuwepo, lakini betri zilikuwa adimu kama sukari. Kwetu redio ya Baba ilikaa juu ya kabati, imevikwa kitambaa alichofuma Mama, na betri zake tulizianika juani ili zipate uhai wa jioni moja zaidi. Zikishindwa kabisa tulibaki na upepo, na upepo ndio uliotuletea Bi Tatu.

Nyumba yetu ilikuwa mlimani, upande wa msitu wa Ngorongoro, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Mji tuliuona chini yetu: mabati machache, barabara nyekundu, mistari ya miti ya migrevilea. Kwenye mgrevilea mmoja mrefu, mbele ya mgahawa wa chai na maandazi, kulikuwa na spika ya bati yenye mdomo mpana kama ua la boga. Mgahawa ulikuwa wa Bi Tatu. Spika alikuwa ameipandisha mumewe, Shabani, dereva wa lori la vitunguu, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma. Wote wawili walitokea Kondoa. Mfanyabiashara mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa, alipohama, alimwachia Shabani amplifaya na spika hiyo kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuvibeba. Shabani akaviunga na betri kuukuu ya lori, akavipenda kama watoto.

Mwanzo walipiga santuri tu, kuvuta wateja wa chai. Kisha siku ya mnada mtoto mdogo akapotea katikati ya ng'ombe na watu, mama yake akawa anakimbia huku na huku akipiga kelele. Shabani akashika maikrofoni amtangaze. Lakini Shabani alikuwa na kigugumizi. Alikwama kwenye neno la kwanza, watu wakaanza kucheka. Mkewe akatoka na unga mikononi, akaichukua ile maikrofoni, akasema kwa utulivu, "Jamani, mtoto wa kiume, kavaa shati la kijani, hana viatu. Aliye naye amlete hapa, mama yake anaumwa na moyo." Mtoto akaletwa. Kuanzia siku ile watu hawakumwacha tena. Mwenye ng'ombe aliyepotea alikwenda kwake. Bwana shamba alikwenda kwake mbegu zilipofika, na nesi wa chanjo, na katekista, na shehe. Kila jioni, jua likiwa bado juu ya migrevilea na watu wakirudi kutoka mashambani, upepo uligeuka na sauti yake ikapanda mlimani, safi, ikitamka kila herufi kama anayepanga vikombe mezani.

"Karatu, hamjambo?"

Nasi mlimani, kila mtu uani kwake, tuliitikia, "Hatujambo!" ingawa tulijua hawezi kutusikia.

Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Aama kama Wairaqw wanavyomwita bibi, hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Jioni aliweka kiti chake cha miguu mitatu nje ya mlango na kunipa kazi ya kumfasiria. Nilikuwa darasa la pili. Bi Tatu akisema ng'ombe mweupe amepotea, namfasiria. Kesho yake ng'ombe mweupe anaonekana akirudishwa kwa kamba. Akisema chanjo ni kesho, kesho nesi anakuja na sindano yake. Akisema mbegu zimefika, zinakuwepo. Na akisema fulani amefariki, Aama anashika kifua, anatikisa kichwa, na asubuhi tunakwenda msibani na kweli tunamkuta fulani amelala chini ya shuka.

Mtoto hujenga mambo kwa matofali aliyo nayo. Jirani yetu mmoja, mzee aliyependa kunichokoza, nilimwona asubuhi moja akipita na jembe begani, mzima, akicheka. Jioni Bi Tatu akamtaja. Kesho akazikwa. Nikapata jibu langu. Bi Tatu hakuwa anatoa habari, bali alikuwa anaamua. Kile alichokisema ndicho kilichokuja kutokea, na alipolitaja jina la mtu baada ya kusema "tunasikitika," mtu yule alikuwa amekwisha.

Sikumwambia yeyote. Niliona watu wazima wote wanajua na ndiyo maana wanamheshimu hivyo. Mimi nilichukua hadhari zangu. Mama akinichukua mjini kuuza maharage, nilijificha nyuma ya kanga yake tukipita mgahawani. Siku moja Bi Tatu akaniona.

"Huyu nani anayenichungulia? Njoo ule andazi, mwanangu. Unaitwa nani?"

Nilikaza midomo. Nimwambie jina langu ili aje kulisema jioni?

"Huna jina?"

"Sina," nikasema.

Mama akashtuka. "Paska..." akaanza, nami nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

Bi Tatu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Basi Sinajina, chukua andazi lako." Shabani alikuwa amekaa kwenye benchi akinywa chai, nguo zake zikinuka vitunguu vya Mang'ola, naye akatabasamu. Nililila lile andazi njiani kwa furaha kubwa, si kwa sababu ya utamu wake, bali kwa sababu nilikuwa nimeponyoka.

Mwaka ule dumuzi waliharibu mahindi yetu ghalani, na Baba akashuka Mang'ola kulima vitunguu kwenye shamba la kukodi, kule bondeni karibu na ziwa Eyasi, ambako jua ni kali na maji huletwa kwa mifereji. Alikaa huko muda mrefu. Baba alikuwa mtu asiyesema sana. Kiswahili alikuwa amejifunza ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo, na alikizungumza kwa uzito, kila neno likitokea kooni. Lakini usiku hakulala bila kunigusa kichwa, na wakati wote alipokuwa Mang'ola nililala vibaya.

Tulipopata habari kwamba amevuna na atapanda na mzigo wake kwenye lori la Shabani, mvua zilikuwa zimeanza. Siku yenyewe ya kurudi kwake ilinyesha mvua ambayo Aama alisema hajaiona tangu alipoolewa. Iligonga bati letu mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Mimi nilifurahi. Nilidhani Baba kule alikokuwa anaiona mvua ileile, kumbe kule chini kulikuwa kukavu, jua linawaka. Maji ya milima yetu ndiyo yaliyoteremka kwenye makorongo na kuwakuta watu wa chini bila hata wingu juu yao.

Kesho yake mchana tulirudishwa nyumbani kutoka shuleni mapema. Nilimkuta Mama amekaa chini jikoni, miguu ameinyoosha mbele kama wanawake wanavyokaa msibani, na majirani wawili wamemshika mabega. Dereva mmoja aliyekuwa akishuka Mang'ola asubuhi alikuwa amegeuza gari. Alisema lori la Shabani liko katikati ya korongo, limelala ubavu, magunia yamechukuliwa na maji, na hakuna mtu.

"Hakuna mtu vipi?" jirani mmoja aliuliza.

"Hakuna mtu," akajibu mwenzake kwa sauti ya chini. "Wote. Jioni Bi Tatu atawatangaza."

Sikumbuki kuvuka uwanja. Nakumbuka tope lililonivua kiatu kimoja, na kwamba sikurudi kukichukua. Niliteremka mlima kwa njia ya ng'ombe, nikianguka na kuinuka, na kichwani mwangu kulikuwa na wazo moja tu: jioni haijafika. Bado hajamtaja.

Mgahawani kulikuwa kumejaa watu, wengine wamesimama nje kwenye manyunyu. Shikamoo zangu hakuna aliyezisikia. Bi Tatu alikuwa amesimama nyuma ya meza ya chai, amevaa mtandio wake wa kila siku, na mbele yake Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene wa sauti nzito, alikuwa akimsihi.

"Bi Tatu, nakuelewa. Ni mumeo. Lakini watu wana haki ya kujua. Watu wa lile lori wametoka Karatu hii. Watangaze, familia zianze msiba."

"Ni nani aliyeona maiti?" Bi Tatu akauliza.

"Lori limeonekana."

"Sikuuliza lori, Mwenyekiti. Nimeuliza maiti. Yule dereva ameona lori na magunia. Mimi sitangazi kifo cha mtu kwa sababu ya gunia."

"Sasa unataka tungoje mpaka lini?"

Hapo ndipo nilipojipenyeza katikati ya miguu ya watu mpaka kwenye meza. Nilikuwa na tope hadi kiunoni. Nikamshika kanga yake.

"Usimtaje baba yangu," nikasema. "Bi Tatu, nakuomba. Usimtaje."

Alinitazama kama asiyenijua, kisha akanijua. "Sinajina," akasema taratibu. Akainama, uso wake ukawa sawa na wangu. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Baba yako nani?"

Hapo nikawa katika mtego. Nikisema, nitakuwa nimempa jina. Nikatikisa kichwa na kuanza kulia. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu wa Baba Paskalina, wa kule juu." Nikaona kwamba limekwisha kusemwa, mbele yake.

"Sitamtaja," Bi Tatu akaniambia. "Umenisikia? Leo simtaji mtu."

Akanikalisha kwenye mfuko wa unga, akanipa kikombe cha chai, kisha akaenda kwenye kona ilipokuwa amplifaya. Haikuwa saa yake. Watu wa mjini walinyamaza walipoisikia spika ikikoroma. Hakusalimu.

"Ndugu zangu, lori la vitunguu limezama korongoni njia ya Mang'ola. Watu waliokuwemo hatujui waliko. Mwenye trekta aje nayo. Mwenye kamba alete kamba. Asiye na trekta wala kamba, ana miguu. Wanatafutwa watu, si maiti. Narudia: wanatafutwa watu."

Muda si mrefu trekta moja ilishuka kutoka mashamba ya ngano, tela lake limejaa wanaume wenye kamba na mashuka begani. Nikaiona ikipita mbele ya mgahawa, tope likiruka pande zote. Mama alikuja kunichukua. Hakunigombeza. Jioni ile tulikaa nje na Aama kumsikiliza Bi Tatu, na Bi Tatu hakuongea kabisa. Nililala nikijua kwamba ameshika ahadi yake.

Baba alikuja kesho yake alasiri. Tulimwona akipanda kwa njia ya ng'ombe, peke yake, polepole, akiwa amevaa shati lisilo lake. Mama alikimbia mpaka katikati ya mlima akasimama ghafla, kama aliyeogopa kumgusa asije akatoweka. Baba alinuka tope na vitunguu. Alimshika Mama, akanishika mimi kichwa, akamwinamia Aama ambaye alimtemea mate ya baraka kifuani huku akiomba kwa Kiiraqw. Kisha akakaa kwenye kiti cha Aama. Mama aliuliza hili na lile. Alijibu tu kwamba walivuka kwa kamba, wakaangukia upande wa Mang'ola, wakalala kwenye boma la wafugaji mpaka trekta ilipowakuta. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka vibaya, ngozi imetoka. Mama akaleta maji ya vuguvugu na chumvi, akawa anavikanda.

Ndipo spika ikakoroma.

Sauti ilikuwa ileile, kila herufi mahali pake. "Karatu, hamjambo? Ndugu zangu, wale abiria wa lori la vitunguu wote wamefika. Wako majumbani mwao, kawaoneni. Aliyefariki ni mmoja. Ni dereva, Shabani, mume wangu. Mazishi ni kesho asubuhi. Ile trekta iliyokwenda kuwatafuta imeishiwa mafuta hapa mjini. Mwenye dizeli amsaidie dereva wake naye arudi kwa watoto wake. Ni hayo tu kwa leo."

Baba alivuta mikono yake kutoka kwenye maji, akaingia ndani.

Mimi nilibaki nimesimama uani, na kila kitu kikajipanga kichwani mwangu kwa namna ya kutisha. Nilikuwa nimemwomba asimtaje baba yangu, naye hakumtaja. Lakini ilibidi amtaje mtu. Korongo lilikuwa linangoja jina. Basi akatoa la kwake.

Wazo hilo nililibeba siku nyingi. Sikula vizuri. Mama alidhani ni malaria akanipa vidonge. Alipokwenda kumpa Bi Tatu pole kwa mara ya pili nikamlilia aende nami. Bi Tatu alikuwa ameingia eda, amekaa chumba cha ndani nyuma ya pazia la maua, amevaa nguo nyeupe, na wanawake wa mjini na wa mlimani wamemzunguka kwenye mikeka, Waislamu na Wakristo, wakichambua mchele na kuongea taratibu. Nilikaa karibu na mlango nikingoja nafasi. Haikuja, basi nikasema tu.

"Bi Tatu, ulimtaja yeye ili usimtaje baba?"

Mikono yote juu ya mchele ilisimama. Mama alinivuta sikio. "We mtoto! Samahani Bi Tatu, huyu amekuwa mgonjwa..."

"Mwache, Mama Paskalina. Mwache aje." Akanyoosha mkono. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. "Sema tena. Nilimtaja nani?"

Nikamweleza yote, juu ya ng'ombe mweupe, na chanjo, na mzee wa jembe, na kwa nini sikuwa na jina. Nilimwambia kwamba nilikuwa sijui ingebidi amtoe Shabani. Nilimwambia asante, kwa sababu Mama alikuwa amenifundisha kwamba mtu akikupa kitu kikubwa unasema asante hata kama unalia.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Wanawake wengine walikuwa wanajifuta macho. Aliponijibu alinishika uso kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mimi nataja tu. Kutoa na kuchukua ni kwa Mwenyewe. Wale watu walikuwa wamekwisha kwenda kabla sijafungua mdomo. Unadhani ningekuwa na uwezo huo, ningemtaja yule mzee wenu? Ningemtaja Shabani? Ningekuwa nasema mbegu na ng'ombe tu, kila siku, mpaka mnichoke."

Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa naziona nywele zake kwenye kipaji cha uso, chini ya ule mtandio mweupe, na zilikuwa hazijachanwa. Mtu mwenye amri juu ya kifo na uzima, nilifikiri, angekuwa amechana nywele zake.

Wakati tunaaga alimwambia Mama, "Mwambie Baba Paskalina nina shida naye."

Shida yenyewe ilikuwa spika. Yeye akiwa edani hakutaka kukaa kwenye maikrofoni, na mji ulikuwa umenyamaza. Watu walikuwa wanapotelewa na ng'ombe, mbegu za maharage zilifika zikakaa ghalani bila watu kujua. Alitaka Baba atangaze mpaka eda imalizike. Mama alipomfikishia ujumbe, Baba alikataa kabla mkewe hajamaliza kusema.

"Mimi? Kiswahili changu hiki? Watanicheka mpaka Mbulu."

"Amekutaka wewe."

"Aniombe kitu kingine chochote. Kulima, nitamlimia. Kumjengea, nitamjengea."

"Baba Paskalina," Mama akasema, "tangu tumzike Shabani hujakanyaga pale kwake. Watu wanaanza kuuliza."

Baba alitazama viganja vyake, ambavyo vilikuwa vimeanza kupona, ngozi mpya ya waridi imejitokeza. Nilikuwa nimeona kwamba kila alipotakiwa kupita mjini alizunguka kwa njia ya juu. Kwenye mazishi alisimama mwisho kabisa. Hakuwa amesimulia habari za korongo, si kwetu, si kwa padri, si kwa mtu. Abiria wengine waliwasimulia wake zao na watu wa vilabuni, na wote walisema kwamba wao walitangulia, waliobaki nyuma ni Baba na dereva, na kwamba yaliyotokea hapo anayajua Baba.

Alikwenda siku iliyofuata. Alioga, akavaa koti lake la kanisani, akanichukua na mimi. Kwenye kona ya mgahawa kulikuwa na kiti, amplifaya, betri, na vipande vya karatasi ambavyo watu walikuwa wameacha matangazo yao. Kando ya kiti hicho kulikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia, karibu kabisa, alikuwa Bi Tatu. Tulimsikia akikohoa.

"Shikamoo," nikasema kwa pazia.

"Marahaba, Paskalina. Baba Paskalina, karibu. Bonyeza hicho cheusi. Ukiona taa nyekundu, sema."

Baba akabonyeza. Taa ikawaka. Alikohoa, na kikohozi chake kikaenda mpaka msituni kikarudi. Nje watu walikuwa wamekusanyika, wengine wakitabasamu tayari.

"Karatu," akasema. "Hamjambo?"

Wakaitikia. Akachukua karatasi ya kwanza, akaitazama kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Nilidhani ameshindwa kusoma mwandiko. Kisha akaiweka mezani.

"Kabla sijasoma," akasema, na Kiswahili chake kilikuwa kizito kweli, kila neno kama jiwe linalovingirishwa, lakini hakuna aliyecheka. "Mimi nilikuwa korongoni. Maji yalikuja hatujayaona. Lori lilizima. Shabani akafunga kamba kwenye mti, akarudi kwenye lori, akaishika yeye mwisho wake, kwa mikono, sababu hapakuwa na pa kuifunga. Akatupitisha mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipofika nchi kavu niliishika kamba nimvute yeye. Nikamwambia njoo. Alikuja. Nilimvuta. Alikuwa mzito, maji yanamvuta na mimi namvuta. Halafu lori likaviringika."

Spika ilikuwa inavuma peke yake juu ya mji.

"Kamba ilikuwa nzito, halafu ikawa nyepesi. Sikuiachia. Watu wananiuliza kwa macho. Mimi nasema hapa wote msikie, na mke wake asikie. Mikono yangu sikuifungua. Niliivuta mpaka mwisho, mwisho wake ukaja, na yeye hayupo."

Hakuna aliyesogea pale nje. Mwanamke mmoja alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Nilitazama pazia na nikaliona likitikisika kidogo chini, mahali ambapo mtu alikuwa amelishika. Baba alikuwa amekaa na viganja vyake wazi juu ya meza, kana kwamba Bi Tatu angeweza kuviona kupitia kitambaa. Maikrofoni ilikuwa wazi, na mlimani walisikia kila kitu. Mama alitusimulia baadaye kwamba Aama alikuwa amesimama uani, hajaelewa hata neno moja, akilia kwa sababu ya sauti ya mwanawe.

Kisha pazia likasema, kwa sauti iliyokwaruza ambayo mji haukuwa umeisikia kwa siku nyingi:

"Ninajua, Baba Paskalina. Niliviona viganja vyako siku mlipomshusha Shabani kwenye tela hapa mlangoni." Akavuta pumzi. "Sasa soma hilo la ng'ombe. Mwenyewe anangoja."

Baba akajifuta uso kwa mkono wa koti, akaichukua ile karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ng'ombe," akasoma, polepole, neno kwa neno. "Mwekundu. Pembe moja imevunjika. Amepotea njia ya Endamarariek."